Alfajiri kwa Mwendo wa Baiskeli

Hapa Tanga jua likichomoza baharini halimpi mtu nafasi ya kujiandaa. Tangu ukingo wake wa juu uchungulie hadi duara zima litoke majini ni dakika mbili na kidogo. Mwezini shughuli hiyo hiyo huchukua karibu saa nzima. Jua ni lile lile. Mwezi ndio unaojizungusha polepole mno, hata kutoka macheo hadi macheo mengine pale juu ni siku 29 na nusu za kwetu. Mpaka unaotenganisha usiku na mchana wa Mwezini, ukiupima kwenye ikweta yake, husogea kilomita 15 na kidogo kwa saa. Huo ni mwendo wa muuza maziwa mwenye baiskeli. Mtu mwenye miguu mizuri, na mtungi wa hewa mgongoni, angeweza kushindana na alfajiri ya huko na kuiacha nyuma.

Nimeanza na mwendo huo kwa sababu ndio unaomfaa mtu wa kawaida mwenye darubini ya kawaida. Vitu vingi vya angani havina haraka ya kubadilika machoni petu. Zohali unayoiona saa mbili ndiyo utakayoiona saa nne, na Kilimia kiko vile vile tangu enzi za babu wa babu yako. Ukiacha miezi ya Mshtarii, inayohamahama usiku kucha, ni Mwezi wetu tu unaojibadilisha waziwazi mbele ya mtazamaji katika muda wa kikao kimoja. Hauna mawingu wala mvua, na milima yake haijasogea. Kinachotembea ni kivuli.

Usiku ninaotaka kuusimulia, Mwezi ulikuwa wa siku tisa. Nilikuwa juu ya paa la zege na darubini yangu ya mtumba, yenye kioo cha milimita 114. Saa moja na nusu nilipoilenga kreta ya Copernicus, ilikuwa bado haijakamilika. Ukingo wake wa mashariki ulishapata jua kwa nje. Ule wa magharibi ulikuwa punje nne tano za mwanga zilizotawanyika ndani ya giza, hazikushikana na kitu chochote. Asiyejua angedhani ni nyota zimenasa kwenye ngozi ya Mwezi. Kumbe ni vilele vya ukuta: jua limeshavifikia, na chini yake bado ni usiku.

Ilipofika saa tatu kasoro, punje zilikuwa zimeungana. Pete nyembamba ya fedha ilifunga, na ndani yake kulijaa weusi ambao hapa duniani ni nadra kuuona. Kivuli chetu hakiwi cheusi kabisa kwa sababu hewa huutawanya mwanga na kuupenyeza hata chini ya mwembe mnene. Mwezini hakuna hewa ya kufanya kazi hiyo, kwa hiyo kivuli cha huko ni weusi wa masizi ya sufuria.

Kisha nikasubiri. Copernicus ina upana wa kilomita 93, hivyo alfajiri hutumia muda wa kama saa sita kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Lakini ndani ya shimo jua huchelewa zaidi, kwani ukuta wa mashariki, uliosimama karibu kilomita 4 juu ya sakafu, hulikinga. Ilikaribia saa sita usiku pale, katikati kabisa ya ule weusi, ilipotokea nukta. Baada ya dakika chache ikatokea nyingine kando yake. Hivyo ni vilima vya katikati, vyenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, vikipata jua wakati sakafu inayovizunguka bado imelala. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shingo inauma, mbu wanafanya yao, nami nimeona jua likichomoza juu ya kilima kilicho umbali wa kilomita 384,000 hivi.

Mpwa wangu, aliyekuwa ameishika binokula tangu jioni, alikuwa na malalamiko yake.

"Mjomba, si umesema ni mashimo? Mbona mimi naona maandazi?"

Sikumcheka, kwa sababu hata mimi zamani nilionja maandazi hayo. Jicho lake halikukosea. Ubongo ndio ulioamua vibaya. Tumezoea mwanga unaotoka juu, uwe wa jua au wa balbu ya darini. Kitu chenye mwanga upande wa juu na kivuli upande wa chini tunakisoma kuwa kimetuna. Na sisi tunaoishi jirani na ikweta tuna shida ambayo mtu wa Ulaya haipati kwa kiasi hicho: jioni, Mwezi unaokua hutulalia kama dau, tumbo lake lenye mwanga likiwa chini, upande wa magharibi lilikozama jua. Kreta zinapigwa na mwanga kutoka chini. Ukuta wa juu wa shimo unawaka, wa chini uko gizani, na ubongo unakata shauri kwamba ni andazi.

Nikamtandikia mkeka alale chali, kichwa magharibi, miguu mashariki, ili kwake yeye mwanga uwe unatoka juu. Akaweka binokula, akanyamaza kidogo.

"Yamedidimia!"

Darubini yangu ya kioo hupindua picha, hivyo humfanyia mtu kazi hiyo bila mkeka. Kwa sababu hiyo hiyo, ramani za Mwezi, ambazo nyingi zimechorwa kwa macho ya watu wa kaskazini, huku kwetu inabidi uzigeuze robo duara. Ukiwa umeelekea magharibi jioni, kaskazini ya Mwezi iko mkono wako wa kulia. Nilipoteza wiki kadhaa kabla ya kulitambua hilo, nikiilaumu ramani.

Kosa jingine ambalo karibu kila mwenye darubini mpya hulifanya ni kungoja mwezi mpevu. Nami nililifanya, tena na mgeni juu. Jirani yangu ni mvuvi wa dagaa, na usiku wa mbalamwezi kali huwa yuko nyumbani, maana taa za kuwavutia dagaa hazifui dafu mbele ya Mwezi uliojaa. Nikaona ndiyo nafasi ya kumwalika. Mzee akainama, akaweka jicho, akalitoa upesi likimtoka machozi.

"Mwalimu, hii ni sahani ya unga."

Alisema kweli. Siku ya mwezi mpevu jua liko nyuma yetu, na kila jiwe la Mwezini huficha kivuli chake mgongoni, tusikoweza kuona. Ndiyo maana Mwezi mpevu haung'ai mara mbili ya Mwezi nusu, kama hesabu ya haraka ingedai, bali zaidi ya mara 10: vivuli vyote vimefichwa, na vumbi lenyewe la Mwezi hupenda kuurudisha mwanga kule ulikotoka. Kreta kubwa hufutika. Maginus, kule kusini, ina upana wa zaidi ya kilomita 150, lakini siku hiyo huwezi kuipata hata ukiijua ilipo. Inayonufaika ni jirani yake Tycho, yenye umri wa miaka milioni 110 hivi, ambao kwa hesabu za Mwezini ni utoto. Pigo lililoizaa lilirusha unga mweupe kila upande, na miale ya unga huo, mingine ikienda zaidi ya kilomita 1,500, huonekana vizuri pale tu vivuli vinapokuwa havipo. Kwa hiyo mwezi mpevu si wa kutupwa, ila huonyesha rangi ya ardhi na kuficha umbo lake.

Kwa mtu wa pwani kuna njia rahisi ya kuzikumbuka siku nzuri. Bamvua huja Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pale jua, dunia na Mwezi vinapojipanga mstari mmoja. Maji mafu huja Mwezi ukiwa nusu, vitatu hivyo vikiwa vimekaa pembe. Pembe hiyo inayoilegeza bahari ndiyo inayolaza vivuli virefu katikati ya uso wa Mwezi. Mzee alipoambiwa hivyo hakushangaa sana. Alisema tu kwamba siku za maji mafu yeye ana kazi, na nimpe taarifa mapema.

Nguvu ya kivuli inahesabika. Darubini kama yangu, hewa ikitulia, hutenganisha vitu vilivyoachana kilomita 2 hivi Mwezini. Kilima chenye kimo cha mita 100 hakiwezi kuonekana kwa njia hiyo. Ni sawa na kutafuta punje ya mtama ng'ambo ya mto. Lakini jua likiwa nyuzi 1 tu juu ya upeo wa macho, kilima hicho hutupa kivuli cha zaidi ya kilomita 5. Kilima chenyewe hukioni, ila kivuli chake kinakuja mpaka kwenye jicho. Jua likipanda hadi nyuzi 10, kivuli hicho hupungua kufikia nusu kilomita na kidogo, nacho hupotea. Kuna vichuguu vya lava kwenye tambarare za Mwezi, vipana na vifupi kama chapati iliyovimba katikati, ambavyo hudumu machoni petu kwa saa chache tu, halafu ni kama havikuwahi kuwepo.

Kuona kivuli ni jambo moja na kukisoma ni jambo jingine. Mwishoni mwa Julai 1609, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, Mwingereza Thomas Harriot aliuelekeza mrija wake wenye kukuza mara 6 kwenye Mwezi na kuuchora. Ni mchoro wa mapema kuliko wa Galileo. Mpaka wa nuru na giza aliuchora umekwaruzika, una meno, lakini hakuna dalili kwamba alijua meno yale ni nini. Miezi michache baadaye, huko Padua, Galileo Galilei aliutazama mpaka huo huo kwa darubini yenye nguvu zaidi. Tofauti haikuwa darubini peke yake. Galileo alikuwa amejifunza uchoraji, fani ambayo mwanafunzi hushinda akichora mpira na mche chini ya taa moja mpaka aelewe kivuli kinaangukia wapi. Alipoziona nukta za mwanga zikielea ndani ya giza, alikumbuka kile ambacho mchungaji yeyote anakijua: asubuhi kilele hupata jua kabla ya bonde.

Kisha akafanya hesabu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Aliona vilele vilivyowaka vikiwa mbali na mpaka wa nuru kwa sehemu 1 ya 20 ya kipenyo cha Mwezi. Mwanga unaokipata kilele hicho umepita ukiugusa uso wa Mwezi pale kwenye mpaka, kwa hiyo kuna pembetatu yenye pembe mraba, ile ile ya Pythagoras inayowatoa wanafunzi jasho. Akachukua nusu ya kipenyo cha Mwezi kuwa maili 1,000, umbali wa kilele maili 100, akakokotoa, akapata kimo cha zaidi ya maili 4 za Kitaliano. Alizidisha kidogo, milima mirefu ya upande tunaouona ni ya kilomita 5 na ushei. Lakini mtu alikuwa amepima mlima usiokanyagika, kwa kivuli, akiwa amesimama uani kwake. Kitabu chake kilitoka Venice mwezi Machi 1610, na Harriot, michoro yake ya baada ya hapo, ghafla ina kreta.

Katika kitabu hicho Galileo alichora duara moja kubwa mno kwenye mpaka wa nuru, akalifananisha na nchi ya Bohemia iliyozungukwa na milima. Wengi wanaamini ni kreta inayoitwa leo Albategnius, yaani al-Battani, mnajimu mkubwa wa Waarabu. Jina hilo na mengine mengi yalitolewa na padri Giovanni Battista Riccioli katika kitabu chake cha mwaka 1651. Ukishuka taratibu kwenye mstari wa katikati ya Mwezi, siku ya maji mafu, unapita kwa wanazuoni hao mmoja baada ya mwingine: Albategnius, Arzachel ambaye ni al-Zarqali wa Toledo, na Thebit ambaye ni Thabit ibn Qurra wa Baghdad. Msomaji wa Kiswahili, ambaye maneno kama falaki na hilali anayo tayari mdomoni, hajihisi mgeni pale.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha mtu aliyekisoma kivuli maisha yake yote na bado kikamchezea. Julius Schmidt alikuwa Mjerumani aliyesimamia kituo cha kuangalia nyota cha Athens. Mwezi aliujua kama mkulima anavyolijua shamba lake. Ramani yake kubwa, iliyochapishwa mwaka 1878, ina kipenyo cha karibu mita 2 na kreta zaidi ya 32,000, alizochora kwa mkono moja moja. Huyo ndiye mtu aliyetangaza, mwezi wa Oktoba 1866, kwamba kreta moja imetoweka.

Kreta hiyo inaitwa Linné, nayo iko kwenye tambarare nyeusi iitwayo Mare Serenitatis, ambayo mimi huiita Bahari Shwari. Miongo mitatu na zaidi kabla yake, Wilhelm Lohrmann wa Dresden na Johann Mädler wa Berlin walikuwa wameiandika kuwa kreta yenye kina, upana kama kilomita 10. Mädler hakuwa mtu wa kubahatisha. Ramani aliyoitoa na mwenzake Wilhelm Beer ilikuwa bora kiasi kwamba watu wengi waliona hakuna la kuongeza, wakaacha Mwezi na kwenda kwenye mambo mengine. Sasa Schmidt anatazama pale pale na anaona doa jeupe tu, kama tone la chokaa. Hakuna shimo wala kivuli.

Zogo lililofuata unaweza kulifikiria. Mwezi uliodhaniwa kuwa maiti unapumua! Labda lava imefurika na kuijaza kreta. Labda ukuta umeporomoka. Wenye darubini Ulaya nzima wakaigeukia Linné, na kila mmoja akaona chake: huyu doa, yule kishimo kidogo, wa tatu kilima. Ubishi huo haukuisha kwa mwaka mmoja wala kumi.

Picha za chombo cha Marekani, LRO, kinachouzunguka Mwezi tangu 2009, zinaionyesha Linné wazi kabisa. Ni kreta changa, ya mviringo safi kama bakuli, upana wa kilomita 2.2 na kina cha zaidi ya mita 500. Haijafukiwa na chochote. Imezungukwa na kifusi cheupe kilichorushwa siku ilipochimbwa, na kifusi hicho ndicho kiini cha fumbo. Jua likiwa juu, kifusi hung'aa na kukimeza kishimo, unabaki na doa. Jua likiwa chini sana, kifusi hufifia na kishimo hupata kivuli, lakini kivuli hicho, ukikitazama kutoka duniani, ni kama sarafu iliyowekwa umbali wa zaidi ya kilomita 4. Hewa ikitetemeka kidogo tu, kimepotea. Katikati ya hali hizo mbili kuna mchanganyiko wa weupe na weusi ambao jicho lililochoka huupanua uwe kreta ya kilomita 10.

Huwa sioni Schmidt akiwa mzembe. Alichokosa ni picha ya kuaminika ya Linné ile ile, katika pembe ile ile ya jua, kutoka miaka ya nyuma. Mimi mwenyewe nimeitafuta Linné mara nyingi. Doa naliona bila shida. Shimo, usiku mmoja, nadhani niliona chembe nyeusi ikija na kupotea kama mara tatu hivi. Siwezi kuiapia.

Vivuli ndivyo pia vilivyotusaidia kujua kreta ni nini. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani ni midomo ya volkano, na ukienda Ngorongoro utawaelewa: bonde la mviringo, ukuta pande zote, upana wa kilomita kama 20, kimo cha ukuta mita 600. Ngorongoro kweli ni volkano iliyoporomoka. Copernicus ingeweza kumeza Ngorongoro zaidi ya 20, lakini umbo si limefanana? Robert Hooke, mwaka 1665, alidondosha risasi kwenye udongo mbichi na kupata mashimo mfano wa yale ya Mwezini. Akachemsha unga wa alabasta, mapovu yake nayo yakaacha mashimo. Alichagua mapovu, kwa sababu hakuweza kufikiri risasi za kuupiga Mwezi zingetoka wapi. Mwaka 1893 Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani, aliwarudisha watu kwenye vipimo. Ukipima vivuli unakuta sakafu ya kreta kubwa iko chini kuliko tambarare ya nje, na kwa ukubwa wake kreta ni sinia, wala si chungu kilichokaa juu ya mlima. Volkano nyingi tunazozijua haziko hivyo. Ilibidi ipite zaidi ya nusu karne kabla wengi hawajakubali kwamba ni vitu vilivyoanguka kutoka angani.

Waliokwenda Mwezini kwa miguu yao walilichukulia suala la pembe ya jua kwa uzito kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Safari za Apollo zilipangwa ili chombo kitue eneo la kushukia likiwa na jua la asubuhi, kati ya nyuzi 5 na 14 hivi juu ya upeo. Chini ya hapo kungekuwa na vivuli tele vya kuficha hatari. Juu ya hapo ardhi ingekuwa sahani ya unga ya jirani yangu, na rubani asingejua lipi jiwe lipi bonde. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua Julai 20, 1969 jua likiwa kama nyuzi 11, na vivuli hivyo ndivyo vilivyomwezesha Armstrong kuyatambua mawe makubwa na kuyavuka. Kama roketi yao ingechelewa kuondoka kwa siku mbili, shabaha ingehamia magharibi zaidi, kwenye eneo jingine lililokwisha kuandaliwa. Wangeifuata asubuhi ilikokwenda.

Kwa anayetaka kujaribu: darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 60 inatosha kuonyesha pete na vilima vya Copernicus. Fedha ukiwa nazo, ziweke kwenye stendi imara kabla ya kuziweka kwenye ukuzaji. Ule ukuzaji wa mara 500 unaoandikwa kwenye maboksi ni porojo. Itoe darubini nje nusu saa kabla, ipoe. Epuka kutazama juu ya mabati ya nyumba yaliyoshinda juani, maana joto lake hupanda na kuutikisa Mwezi kama kitu kilichozama kwenye maji ya mto. Na jua lenyewe, usilielekezee kamwe darubini hiyo.

Ukikosa tukio kwa sababu ya mawingu, usijipe miadi ya mwezi unaofuata. Kwa kuwa mzunguko ni siku 29 na nusu, ile nusu itakuchezea: mwanga ule ule utarudi Copernicus wakati kwetu ni mchana, au Mwezi umeshatua. Hesabu mizunguko miwili, siku 59, na utaupata tena karibu na saa ile ile. Mimi Agosti niliyoipoteza kwa wingu nililipwa Oktoba.

Mzee nilimpa taarifa, kama alivyotaka. Siku ya nane ya mwezi alipita kabla ya kwenda ufukweni, nikamwekea Rupes Recta, iliyo kando ya Thebit kwenye Bahari ya Mawingu. Ni mstari mweusi ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi, urefu wa kilomita 110. Alitaka kujua ni nani aliyeujenga. Nikamwambia ni ardhi iliyopasuka, upande wa magharibi ukashuka kama mita 300, na kwamba ule weusi ni kivuli cha asubuhi tu. Ukuta wenyewe hata si ukuta, ni mteremko ambao yeye na mimi tungeupanda bila kamba. Hakuniamini.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, akirudi na dagaa wake, alinikuta nje. Mwezi nusu ulikuwa juu kabisa, ukiwa umepungua, jua la huko sasa likitoka upande wa pili na kuelekea kuchwa. Akatua ndoo, akapangusa mikono kwenye kikoi, akainama. Pale palipokuwa na mstari mweusi palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, mweupe kuliko kitu chochote kinachouzunguka.

"Ndio ule ule?"

"Ndio ule ule, mzee. Mtafute Thebit pembeni."

Alimtafuta, akampata, akarudi kwenye mstari. Hakuinua kichwa. Nyuma yetu jua likaanza kutoka majini, likamaliza dakika zake mbili, na rangi ya anga ikapanda mpaka Mwezi ukabaki kipande cheupe juu ya minazi. Yeye bado alikuwa ameinama.